Somo: "conceal", na kosa la kusema "he hid me"

"Conceal" ni kuficha, hasa kwa makusudi, ili mtu asione au asijue. Hutamkwa "kan-SIIL": c ya kwanza ni k, ya pili ni s, na mkazo uko mwishoni.

Hatua ya 1: Taja kinachofichwa. "She concealed the letter", aliificha barua. Ukiishia "she concealed", msikilizaji atabaki akiuliza: kaficha nini?

Hatua ya 2: Mtafutie mtu nafasi yake. Hapa twende polepole, maana ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Kiswahili humwingiza asiyeambiwa ndani ya kitenzi: "alinificha ukweli". Hiyo -ni- ni mimi. Kiingereza hakimpokei hapo. Hutangulia ukweli, kisha "from", kisha mtu: "He concealed the truth from me." Sasa tazama "he hid me" ("hid" ni wakati uliopita wa "hide", neno jingine la kuficha). Uliyekusudia kusema kwamba hukuambiwa kitu, umesema alikusitiri wewe mwenyewe, tuseme nyuma ya mlango, usikamatwe! Kosa hili halitokani na uvivu. Ni Kiswahili kinachouongoza mkono, na dawa yake ni kuandika sentensi tatu zako zenye "from" hadi mkono uzoee.

Hatua ya 3: Chagua kati ya "hide" na "conceal". "Hide" ni la kila siku, na hubadilika: hide, hid, hidden. "Conceal" lina asili ya Kilatini, lilipitia Kifaransa, na limebaki na urasmi wake. Wakati uliopita ni "concealed" tu.

Maswali ya wanafunzi

Mwalimu, "najificha" nitasemaje?
"I am hiding." Inatosha, bila "myself". Ukitumia "conceal", hapo "myself" ni lazima.

Nimekutana na "she could not conceal her joy". Furaha nayo hufichwa?
Ndiyo, hata sisi husema alishindwa kuficha furaha yake. Kwa hisia, "conceal" na "hide" zote zinafaa.

Fomu ya bima imeandika "concealment". Mbona mimi sijaficha kitu?
Hiyo ni nomino yake. Kwenye bima humaanisha kutosema jambo muhimu ulilopaswa kulisema, kwa mfano ugonjwa ulio nao. Si lazima uwe umedanganya; kunyamaza nako huhesabiwa. Kwa hiyo rudi kwenye maswali ya afya uyasome tena kabla ya kutia saini.