Kabla hujabandika jina la mradi huria kwenye bidhaa yako

Leseni ya programu huria inakuruhusu kuchukua msimbo (maandishi yanayounda programu), kuubadilisha na hata kuuza ulichotengeneza. Jina na nembo ni habari nyingine kabisa, na wengi hawalijui hilo mpaka barua ya mwenye jina iwafikie, wakati kadi za biashara zimeshachapishwa na tovuti iko hewani. Kipengele cha 6 cha Leseni ya Apache 2.0 kinasema waziwazi kwamba leseni hiyo haitoi ruhusa ya kutumia majina na alama za biashara za mtoaji, isipokuwa kwa kiasi cha kawaida cha kueleza kazi imetoka wapi. Leseni ya Mozilla, MPL 2.0, nayo haitoi haki ya alama. Basi usitafute jibu la jina ndani ya leseni ya msimbo. Tafuta sera ya alama za biashara ya mradi wenyewe.

Kwanza hakikisha unamjua mwenye alama, maana mara nyingi si yule unayemdhania. Alama ya Debian, mfumo endeshi wa kompyuta, inashikiliwa na Software in the Public Interest, shirika la Marekani. Ya Python, lugha ya kuandikia programu, iko kwa Python Software Foundation (PSF). WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ilikuwa mali ya kampuni ya Automattic hadi mwaka 2010, ilipokabidhiwa kwa WordPress Foundation. Linux ni ya Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo huo, ila anayetaka kuliingiza neno hilo kwenye jina la bidhaa yake huomba kibali kwa Linux Mark Institute, na kibali hicho hakilipiwi. Torvalds mwenyewe hakuipata kirahisi: katikati ya miaka ya 1990 mtu mwingine aliisajili Marekani akaanza kudai kampuni zimlipe, na shauri hilo likamalizika mwaka 1997 kwa alama kuhamishiwa kwake.

Kisha pima utalitumia jina kwa namna gani. Kutaja ukweli tu, kama vile "tunafundisha Python" au "plagini hii inafanya kazi na WordPress", kwa kawaida hakuhitaji kibali, mradi msomaji asidhani kwamba wenye mradi wamekutuma. Ukiliingiza kwenye jina la kampuni, anwani ya tovuti au jina la mkutano, hapo mambo hubadilika. WordPress Foundation haitaki neno WordPress ndani ya jina la kikoa, kwa hiyo usilipie anwani ya aina ya "wordpresstanga" kabla ya kusoma sera yao. PyCon, jina la mikutano ya watumiaji wa Python, nalo ni alama iliyosajiliwa, hata kama limezoeleka kama jina la kawaida.

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika unaposambaza programu uliyoibadilisha. Mwaka 2006 Debian walikuwa wanasambaza Firefox, kivinjari cha Mozilla, bila nembo yake rasmi, kwa sababu leseni ya picha ile haikukidhi masharti yao ya uhuria. Mozilla wakasema: ukitumia jina, tumia na nembo, na mabadiliko yako kwenye msimbo yapitie kwetu tuyaidhinishe. Debian hawakuweza kukubali, maana wao huendelea kuziba mianya ya usalama kwenye matoleo ya zamani baada ya wenye programu kuyaacha. Wakaibadili jina ikawa Iceweasel, na watumiaji wa Debian wakaishi na jina hilo hadi 2016, pande zote mbili zilipoelewana na Firefox likarudi. Kwa maoni yangu kila upande ulikuwa na hoja ya haki. Mozilla hawakuwa wakilinda jina kwa ubahili: mwaka 2013 walilazimika kuiandikia kampuni ya Gamma International iache, baada ya watafiti kuonyesha kwamba programu yake ya upelelezi ilikuwa inajificha kwenye kompyuta za watu kwa kujifanya Firefox. Anayeamini jina hilo ni mtu wa kawaida anayefungua barua pepe na akaunti ya benki, na ndiye anayeumia.

Ukiona unahitaji kibali, andika mapema, kwa kuwa wanaojibu wengi ni wa kujitolea. Eleza kwa ufupi na kwa ukamilifu: "Tunaomba ruhusa ya kutumia jina la PyCon kwa mkutano wa siku 2 utakaofanyika Mwanza mwezi Septemba. Hauna lengo la faida, waandaaji wanajitolea, na rasimu ya nembo yetu tumeiambatanisha." Kuambatanisha nembo kunaokoa wiki nzima ya kuulizana. Wakati unasubiri, usichapishe fulana, na uwe na jina la akiba. Walioanzisha LibreOffice mwaka 2010, kutokana na programu ya ofisi ya OpenOffice.org, walitumaini kampuni ya Oracle iliyomiliki jina hilo ingewaachia. Haikuwaachia, lakini walikuwa na jina lao tayari, na kazi haikusimama.

Jibu likija, lihifadhi pamoja na nakala ya sera ya siku hiyo, kwani sera hubadilika. Ya WordPress ilikuwa inakuachia uhuru wote kwa kifupi cha "WP". Septemba 2024 ikaongezewa ombi kwamba kisitumike kwa namna inayochanganya watu.

Na kama mradi ni wako, kaeni muamue mapema alama itakuwa kwa nani, mtu mmoja au taasisi, na nani atajibu maombi. Wekeni ushahidi wa matumizi: mwaka 2013 kampuni moja ya Uingereza ilipotaka kusajili neno Python Ulaya, PSF iliwaomba watumiaji kote barani humo ushahidi kwamba jina linatumika, na kampuni ikaachana na ombi lake. Kwa aliye Tanzania, kusajili alama BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kunaihusu Bara peke yake. Zanzibar husajiliwa kwa ombi jingine.