Unatafuta ramani ya mgodi wa mkoloni? Anzia hapa

Watu wa maduara, yani wachimbaji wadogo, mnaniuliza sana hili, hasa nyie mnaochimba jirani na mashimo ya zamani kule Geita na Musoma. Ramani zipo, sio zote ila zipo, na ukitoboa shafti (shimo refu la kushukia mgodini) ya mzungu iliyojaa maji miaka 60 hutapata muda wa kujuta.

Kwanza jina la mgodi. Jina la kitongoji chenu cha leo usilitegemee, kaa na wazee, beba kilo ya sukari, waulize kampuni iliitwaje. Halafu kumbuka mkoa wa Geita umezaliwa 2012 tu, enzi za Mwingereza huku kote ni Lake Province, kwa hiyo kwenye majalada tafuta hivyo la sivyo utarudi mikono mitupu ukilaumu watu wa masijala bure. Migodi ya zamani ya Geita na Kiabakari kule Mara ilifungwa 1966, basi we tafuta makaratasi ya kabla ya hapo.

Ofisi ya madini Mwanza au Geita kaulize, ila mzigo wenyewe uko Dodoma kwa GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania), ndo warithi wa idara ya jiolojia ya mkoloni iliyoanza 1925. Nenda na barua. Nyaraka za Taifa Dar pia wana majalada ya serikali. Kama mgodi ni wa Mjerumani, mfano Sekenke wa Singida ambao dhahabu yake iligongwa sarafu pale Tabora 1916, hapo jaribu na nyaraka za taifa za Ujerumani (Bundesarchiv) kule Berlin kwa imeli.

Sasa ukiipata usikimbilie kuchimba. Mimi mara ya kwanza nilikunjua roli moja la kitambaa cha bluu kimeshakauka kama ngozi ya sato, pembeni kwa penseli kumeandikwa "200 level", yani handaki la kina cha 200, nikapiga hesabu ya mita 200 nikajiona mjanja. Kumbe ni futi! Mita 61 tu, yani tungekuwa tunacheza juu ya pango hatujui. Skeli nazo ni za inchi kwa futi, inchi moja kwa futi 40 ni 1:480.

Ramani ikiwa na gridi ya Arc 1960 (mfumo wa zamani wa namba za mahali, tofauti na wa GPS) usiingize namba zake moja kwa moja kwenye GPS ya simu, utakosea karibu mita 300, mpe mpima abadilishe. Na angalia tarehe ya upimaji wa mwisho kule kwenye kona, maana walichochimba baada ya hiyo tarehe hakimo.