Kalori za baiskeli: namna ya kuzikadiria bila kujidanganya

Saa ya mkononi ikikuambia umechoma kalori 600 kwa safari ya dakika 40, chipsi mayai zisubiri kwanza. Chukua kalamu upige hesabu mwenyewe.

Unahitaji uzito wako kwa kilo, mwendo wako wa wastani na muda ambao magurudumu yalikuwa yanazunguka. Dakika za kusimama kwenye foleni au kusalimiana na jirani usizihesabu. Kisha tafuta kipimo cha MET kinacholingana na mwendo. MET 1 ni nguvu anayotumia mtu aliyekaa kimya, takriban kalori 1 kwa kila kilo kwa saa. Chini ya kilomita 16 kwa saa weka 4. Kati ya 16 na 19 weka 6.8, 19 hadi 22 weka 8, 22 hadi 25 weka 10.

Zidisha: MET × kilo × saa. Mwenye kilo 70 akienda kilomita 12 kwa dakika 40, mwendo wake ni 18. Kwa hiyo 6.8 × 70 × 0.67 ni karibu 320. Wengi hukosea kwenye saa: saa 1 na dakika 20 ni 1.33, si 1.2. Gawa dakika kwa 60 kila mara.

Katika hizo 320, kama 47 angezichoma hata akiwa amelala kwenye mkeka. Zilizoletwa na baiskeli yenyewe ni 270 hivi, na ukitaka kupungua uzito, hesabu hizo.

Vipimo hivyo ni vya barabara tambarare isiyo na upepo. Anayetoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwezi Julai hukutana na kusi usoni. Ananyonga pedali kwa nguvu za kilomita 20 lakini anaambulia 15. Achague MET ya mwendo ambao nguvu hizo zingempa siku ya shwari. Tairi lisilojaa upepo na mnyororo wenye kutu huleta kosa hilohilo.

Mlima uhesabu peke yake, na dakika zake uzitoe kwenye hesabu ya MET. Jumlisha kilo zako, za baiskeli na za mzigo, zidisha kwa mita ulizopanda kwenda juu, gawa kwa 100. Wewe 70, baiskeli 18, dumu la maji 20: jumla 108. Ukipanda mita 100 ni kama kalori 108, na hicho ni kiwango cha chini, kwa sababu msuguano wa tairi haumo. Mteremko ulioshuka bila kunyonga uache tu.

Saa zinazopima mapigo ya moyo hudanganyika na joto: jua likiwa kali moyo huenda mbio ili kuupoza mwili, ingawa miguu haijaongeza kazi, nayo saa huongeza kalori. Kipimo cha wati kwenye pedali ndicho bora. Wati 150 kwa saa nzima ni kilojuli 540 za kazi, na kwa kuwa misuli hugeuza takriban robo tu ya nguvu kuwa mwendo, idadi ya kilojuli hukaribiana na ya kalori: 540, au hadi 640 kwa ambaye misuli yake hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kazi ileile.