Jinsi ya kuomba kibali cha kujenga nyumba karibu karibu na kuacha ardhi wazi katika miji ya jimbo la New York

Kama una shamba katika mji mdogo wa jimbo la New York na unataka kulikata viwanja, si lazima ulikate lote. Kifungu cha 278 cha Sheria ya Miji ya jimbo hilo kinaruhusu nyumba zijengwe karibu karibu upande mmoja wa shamba, na eneo linalobaki liachwe wazi, liwe msitu, malisho, mashamba au bonde la mto. Idadi ya nyumba haiongezeki hata moja. Kinachopungua ni ukubwa wa kila kiwanja na, mara nyingi, urefu wa barabara na mabomba utakayolipia.

Anza kwa karani wa mji. Mwombe kanuni za matumizi ya ardhi na ramani ya maeneo yake, kisha tafuta jambo moja: je, halmashauri ya mji imeipa bodi ya mipango mamlaka ya kutumia kifungu hicho, na katika maeneo gani? Pasipo mamlaka hayo bodi haiwezi kukusaidia hata ikikubaliana nawe. Iko miji ambako bodi inaweza kukuagiza ufuate utaratibu huu hata kama hukuuomba, kwa hiyo soma mapema.

Halafu ijue ardhi yako kabla hujachora nyumba. Randall Arendt, mpangaji wa Marekani aliyeueneza sana mtindo huu, alifundisha mpangilio huu: kwanza weka alama mahali pa kuhifadhi, pili chagua mahali pa nyumba, tatu pitisha barabara na njia za miguu, na mwisho kabisa chora mipaka ya viwanja. Wengi huanza na mipaka, na hapo ndipo kinamasi na miti mikongwe vinapojikuta nyuma ya ua wa mtu. Ushauri wangu ni uufuate mpangilio wa Arendt bila kuruka hatua.

Mwite mpima ardhi, na mtaalamu wa udongo achimbe mashimo ya majaribio. Shuka naye ukaangalie ukuta wa shimo. Ukiona madoadoa ya kijivu yaliyochanganyika na rangi ya kutu, ujue maji ya ardhini hupanda hadi hapo msimu wa mvua au theluji inapoyeyuka, hata kama siku hiyo udongo ni mkavu. Mahali kama hapo mfumo wa maji taka utasumbua, basi paache wazi. Ukikata viwanja 5 au zaidi, kila kimoja kisichozidi ekari 5, mpango wa maji safi na maji taka utahitaji pia idhini ya idara ya afya.

Sasa hesabu ya viwanja, ambayo ndiyo moyo wa maombi. Sheria inataka idadi ya nyumba isizidi ile ambayo, kwa maoni ya bodi, ingepatikana kama ungekata viwanja vya kawaida. Kwa hiyo utachora mpango wa kawaida hata kama huna nia ya kuujenga. Tuseme una ekari 40 na kanuni inataka ekari 2 kwa kiwanja. Harakaharaka utasema viwanja 20. Lakini ukitoa kinamasi cha ekari 6 na barabara ya ekari 4, zinabaki 30, yaani viwanja 15. Nyumba hizo 15 ukizipa nusu ekari kila moja zinachukua ekari 7.5 tu. Ongeza ekari 2 za barabara fupi, na bado zaidi ya ekari 30 zinabaki wazi. Usiitie chumvi hesabu hii. Mhandisi wa mji ataipitia kiwanja kwa kiwanja, na akikuta vitatu vimekaa majini atatilia shaka na vile vizuri.

Peleka mchoro wa awali kwa bodi kabla ya kulipia michoro kamili. Baada ya mazungumzo hayo, wasilisha maombi rasmi: fomu na ada ya mji, mpango wa kawaida, mpango wa nyumba za karibu karibu, na fomu ya tathmini ya mazingira. Hapa wengi hukosea kuhesabu. Siku 62 ambazo bodi inapewa kuitisha kikao cha wananchi hazianzi siku unayokabidhi karatasi. Huanza maombi yanapokamilika, na hayakamiliki mpaka suala la mazingira lifikie hatua inayotakiwa. Kikao hutangazwa gazetini, na kikishafungwa bodi ina siku 62 nyingine za kuamua. Eneo lako likiwa ndani ya futi 500 kutoka mpaka wa mji au barabara ya jimbo au kaunti, huenda maombi yakapelekwa pia kwa wapangaji wa kaunti.

Kikaoni majirani wataogopa msongamano. Watembelee kabla ya siku hiyo na uwaonyeshe ramani mbili, ya kawaida na yako, wazione zikiwa pamoja mezani.

Mwisho, ardhi iliyoachwa wazi inahitaji mwenyewe na mlinzi. Andika nani ataimiliki, iwe umoja wa wenye nyumba, mji au shirika la uhifadhi, nani atafyeka na kulipa kodi, na uifunge kwa hati ya uhifadhi ya kudumu, yaani hati ya kisheria inayozuia ardhi hiyo isijengwe, itakayoshikiliwa na mji au shirika. Umoja wa wenye nyumba peke yake, bila hati hiyo, ni ulinzi dhaifu. Ramani ikishapata idhini ya mwisho una siku 62 za kuisajili kwa karani wa kaunti. Zikipita, idhini inakufa. Sajili hati ya uhifadhi siku hiyohiyo, kabla hujauza kiwanja cha kwanza, ili kila mnunuzi aikute tayari kwenye kumbukumbu za ardhi.