Jinsi ya kupinga mradi kijijini kwenu bila muhtasari kukugeuka (nipo Bagamoyo)

Watu wananiuliza sana kwa nini hatukudai kura ya maoni juu ya mradi wa machimbo ya mchanga kijijini kwetu. Jamani, hiyo kitu kwetu haipo. Sheria ya Kura ya Maoni ya 2013 ilitungwa kwa ajili ya Katiba, na hata kura yenyewe iliyopangwa Aprili 30, 2015 iliahirishwa hadi leo, sasa we nani akuwekee sanduku la kura kwa ajili ya machimbo ya mchanga? Kura yako ni kunyoosha mkono kwenye mkutano mkuu wa kijiji, basi. Na mkono hauingii kwenye faili, kinachoingia ni muhtasari, yaani maandishi rasmi ya mkutano. Ndo hapo tulipopigwa.

Kwanza jua ardhi ni ya nani. Kama ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie. Ikitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla (ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi), hekta 250 kushuka chini ni mkutano mkuu ndo unakubali au kukataa, ikizidi hapo inapanda hadi kwa waziri. Kama ni shamba la mtu binafsi keshauza, huna cha kumnyima, ruka uende kwenye mambo ya NEMC (wale wasimamizi wa mazingira wa serikali) huko chini. Na kama ni serikali inatwaa kwa maslahi ya umma, nguvu zako peleka kwenye uthamini na fidia.

Kuitisha mkutano: andikeni barua kwa mwenyekiti kupitia kwa mtendaji (VEO), sahihi za wanakijiji zikae nyuma, nakala kwa mtendaji wa kata na mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Mtendaji atakwambia muhuri umefungiwa kabatini na mwenye funguo kaenda semina. Msubiri. Barua bila "imepokelewa", tarehe na muhuri kwenye kopi yako ni sawa na hujaandika, watakuuliza mbele ya mkuu wa wilaya "barua ipi?" na utakosa jibu.

Angalia ajenda kwenye tangazo, mradi uwe na namba yake. Ukiona ajenda ni maji, ulinzi shirikishi na "mengineyo", ujue mwekezaji kakaa kwenye mengineyo, atatolewa saa kumi na mbili jioni wakati kina mama wameshaondoka kupika na waliobaki wanaangalia saa ya swala.

Sasa sikilizeni hapa kwenye karatasi ya mahudhurio, maana ndo penyewe. Inapitishwa mapema kabisa, ina safu za namba, jina, kitongoji, simu, sahihi, na juu haijaandikwa kitu. Kwetu ilipita pamoja na soda na hela ya nauli, yule kijana wa kampuni mpole kweli, anakushikia hadi kalamu. Watu wakasaini, wakafoka, wakaupinga mradi hadi sauti zikakauka. Baadae tunakuja kuona faili wilayani, ile karatasi yetu imebanwa pini nyuma ya muhtasari unaosema wananchi "waliupokea mradi kwa furaha". Majina ni yetu, sahihi ni zetu, kitongoji kimoja kimoja. Utaanzia wapi kubisha?

Kwa hiyo, kabla mtu wa kwanza hajasaini, juu ya karatasi andikeni kwa mkono MAHUDHURIO TU, SIO RIDHAA, na tarehe na jina la mkutano. Kila ukurasa, maana ukurasa wa pili ndo huwa unahamishiwa kwenye muhtasari mwingine. Jina la mwisho likishaandikwa pigeni mstari chini yake ili asiongezeke mtu akiwa nyumbani kwake, halafu kijana mwenye simu nzuri apige picha kurasa zote.

Kwenye kura msikubali ule mtindo wa "mnakubali?" halafu watu watatu wa mbele wanaitika ndiyoooo. Mikono ihesabiwe, na namba ziingie: waliokubali, waliokataa, wasio na upande. Kisha kabla mkutano haujafungwa muhtasari usomwe kwa sauti. Mtendaji atasema anakwenda kuuandika vizuri ofisini, mwambie tunataka huohuo mbaya. Akikugomea kopi, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, unaandika ombi na ofisi ina siku 30 za kukujibu. Kuitaja tu hiyo sheria kuna watu hutafuta funguo za kabati haraka.

NEMC sasa. Mradi mkubwa unatakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira na wananchi washirikishwe, iwe kwa matangazo ya kubandikwa, gazeti na redio kwa Kiswahili, na ripoti iwe na ufupisho wa Kiswahili usio wa kitaalamu. Ombeni huo ufupisho, msihangaike na lile buku la Kiingereza. Kwenye barua yenu msiandike "hatuutaki", hiyo wanaipokea na kuifungia. Andikeni kisima kiko wapi, malori yatapita mbele ya shule gani, mikoko ipi inaguswa, mkaambatanishe muhtasari wenu wenye namba za kura. Cheti cha mazingira cha mradi kikishatoka na hamridhiki, kuna Baraza la Rufani la Mazingira, huko nendeni na wakili.

Mradi ukinyamaza msitupe makaratasi. Bandari ya Mbegani, hapa Bagamoyo, walisaini makubaliano 2013, ikasimama 2019, na baadae ikarudi tena mdomoni mwa wakubwa. Kopi zikae kwa watu watatu wa vitongoji tofauti, na angalau mmoja asiwe mjumbe wa halmashauri ya kijiji.