Kufunga Kizazi: Mambo ya Kupanga na Kuuliza Kabla ya Upasuaji

Uliza kwanza kama kituo chako kina chumba cha upasuaji. Nchini Uganda, kituo cha afya cha daraja la tatu kwa kawaida hakina, kwa hiyo utaelekezwa daraja la nne au hospitalini.

Njia iliyozoeleka ni mkato mdogo wa sentimita 2 hadi 5 juu kidogo ya kinena, ambao hufanywa kwa ganzi ya mahali hapo na dawa ya kutuliza. Utakuwa macho, na mrija wa uzazi unapovutwa nje ili ufungwe na kukatwa utahisi mvuto tumboni. Mwambie daktari ukizidi. Hospitali zenye vifaa hutumia kamera na matundu madogo. Koili ya Essure, iliyopitishwa ukeni bila kukata tumbo, iliacha kuuzwa Marekani mwaka 2018 baada ya malalamiko mengi, basi usiisubiri.

Badiliko kubwa zaidi ni kuondoa mirija yote badala ya kuifunga, kwa kuwa imebainika kwamba saratani nyingi za ovari huanzia kwenye mirija. Ikiwa utajifungua kwa upasuaji, uliza mapema kama jambo hilo linawezekana, ukijua kwamba mirija iliyotolewa haiwezi kuunganishwa tena.

Baada ya kujifungua, upasuaji hufanywa ndani ya siku 7, la sivyo husubiri hadi wiki 6 zitimie. Ridhaa itolewe kliniki wakati wa ujauzito, si katikati ya uchungu, na saini inayohitajika ni yako. Shirika la Afya Duniani halikubali idhini ya mume iwe sharti. Walio chini ya miaka 30 watafakari zaidi: katika utafiti mkubwa wa Marekani, takriban 20 kati ya 100 walisema wamejuta ndani ya miaka 14, dhidi ya 6 kwa waliovuka umri huo. Mwenye shaka achague kijiti au kitanzi, ambavyo huondolewa.

Hedhi itaendelea, na hamu ya tendo la ndoa haipotei, licha ya yasemwayo mitaani. Kwa wiki moja usibebe jerikani ya maji. Homa au usaha vikurudishe kituoni. Kondomu bado inahitajika dhidi ya virusi vya UKIMWI. Utafiti huohuo ulihesabu mimba zipatazo 18 kwa wanawake 1,000 ndani ya miaka 10, na baadhi hutunga nje ya kizazi, kwa hiyo hedhi ikikosekana na tumbo likauma upande mmoja, nenda hospitalini siku hiyohiyo.