Kuuza matangazo ya tovuti ndogo ya habari

Gazeti la karatasi huuza nafasi: safu kadhaa kwa sentimita kadhaa, na mteja hulipa hata kama ukurasa wake umeishia kufungia maandazi. Mtandaoni mteja huuliza tangazo limeonekana mara ngapi. Vyumba vingi vya habari hukwama hapo. Hupeleka mtandaoni bei ya ukurasa, mteja akiondoka huiachia Google ijaze kila kona. AdSense, huduma ya Google inayoweka matangazo kwenye tovuti na kumlipa mwenye tovuti, nayo hailipi mpaka salio lifike dola 100, na tovuti ndogo inaweza kusubiri miezi. Afadhali uuze mwenyewe nafasi mbili au tatu, Google ichukue masalia.

Anza na hesabu. Chukua kurasa zilizotazamwa miezi mitatu iliyopita, weka kando siku ambazo habari moja ilivuma kupita kiasi, kisha tafuta wastani wa mwezi. Wafuasi wa Facebook usiwahesabu kabisa. Halafu punguza: kwa kipimo kinachotumika na wengi, tangazo la picha limeonekana pale tu angalau nusu yake inapokaa kwenye skrini kwa sekunde 1 mfululizo. Tuseme una kurasa 90,000 kwa mwezi, na nafasi ya katikati ya habari huonekana katika theluthi mbili. Hayo ni maonyesho 60,000. Kwa sh. 5,000 kila elfu, nafasi hiyo ni sh. 300,000 kwa mwezi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hana haja ya "kila elfu". Mwuzie mwezi mzima, hesabu ibaki kwako. Wakala wa matangazo ndiye atakayeitaka.

Ukubwa unaouzika, kwa pikseli (upana × urefu), ni 300×250 baada ya aya ya pili au ya tatu, 320×100 juu kwenye simu, na 728×90 kwenye kompyuta. Picha isizidi KB 150, maana msomaji anatumia bando lake. Tenga urefu wa nafasi mapema kwenye CSS, yaani maagizo ya mwonekano wa tovuti (min-height: 250px). Usipofanya hivyo, maandishi huruka tangazo linapoingia na kidole kinabonyeza bila kukusudia. Mibonyezo ya namna hiyo, pamoja na ya wafanyakazi wanaojibonyezea wenyewe, Google huihesabu kuwa batili, na ikizidi akaunti hufungwa.

Faili la ads.txt, linaloorodhesha walioruhusiwa kuuza matangazo ya tovuti yako, likae kwenye mzizi wa tovuti, si ndani ya folda. Mstari wa Google ni huu, ukiweka namba yako mwenyewe:

google.com, pub-0000000000000000, DIRECT, f08c47fec0942fa0

Namba ikikosewa, wanunuzi huikwepa tovuti yako, na mapato yanashuka bila onyo lolote kwenye ukurasa.

Kwenye mkataba andika nafasi, tarehe, nusu ya malipo kabla ya kuanza, na hesabu ya nani itakayofuatwa. Mitambo miwili ya kuhesabu maonyesho, wako na wa mteja, ikitofautiana kwa asilimia 10 si ajabu. Ugomvi huanza pale ambapo jambo hilo halikuandikwa.

Makala ya kulipiwa ndiyo yenye fedha nzuri, na ndiyo inayoweza kuiua tovuti. Neno "Tangazo" likae juu ya kichwa cha makala, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu. Viungo vyake vipewe rel="sponsored", alama ya kuonyesha kiungo kimelipiwa, ambayo Google iliileta mwaka 2019. Mwandishi anayeripoti habari za kampuni hiyo asiiandike yeye. Na mteja akitaka neno "Tangazo" liondolewe, mrudishie fedha zake.